Sijue kama niko na huzuni

Mudogo wangu Katembo,

Tumsifu Yesu Kristu. Munaamukaka namna gani huko Butembo? Bibi yako na batoto, na kile kikohozi chako cha mvua? Mimi Mungu ananichunga, ila nimechoka, na usingizi haunisaidii.

Niko bado mupishi kwa bale Bakorea ba kanisa hapa Kampala. Mangaribi mwalimu anakuja kubafundisha Kingereza, na Mama Pasta, bibi ya pasta wao, aliniambia na mimi nikae, maana Kifaransa changu kidogo hapa hakuna mutu anakisikia. Juzi tulipewa neno la mutu mwenye huzuni: "sorrowful". Bakorea linabashinda mu kinywa. Papa Pasta alilivunja-vunja mpaka bibi yake akamwambia: "Acha, Papa, neno lenyewe litalia." Tulicheka.

Kisha mwalimu akataka kila mutu aseme jambo la kwake na lile neno. Papa Pasta akasema mama yake alikufa yeye akiwa mbali. Alisema vile wazi, mbele ya batu. Zamu yangu ikafika.

"Na wewe, Mama Masika, uko na huzuni ao hapana?"

"Mwalimu, sijue bado."

Bakafikiri Kingereza kimenishinda.

Katembo, uliniandikia kwamba vita ilifika kwetu Luofu, mama akakimbia mpaka kwako, na sasa "anagonjwa kidogo". Lakini sisi tunajuana. Papa wetu alipokufa, balinitumia mutu kule Beni kuniambia anagonjwa kidogo. Nafika kwetu, nakuta batu banakaa matanga mu lupango, mbele ya nyumba. Hata mimi niliandikia shangazi vile vile juu ya bwana yake. Tunahurumia mutu asianguke njiani. Lakini mimi siko njiani. Bashofere banasema mwanamuke asijaribu kwanza kupita mupaka wa Kasindi. Basi nakaa mu cuisine na rozari, muchele unaungua, sijue niombe mama apone ao apumzike.

Usinihurumie. Kama mama iko muzima, umuulize sababu gani alinipigaka siku ya ubatizo wako, uandike jibu lake vile atasema, na matusi yake yote. Kama haiko, andika "haiko", inatosha.

Unisalimie bibi yako, mama mudogo wa Kamango kama alifika, na mukatekista wetu. Barua yako umupe huyu mushofere aliyekuletea hii, anarudi hapa.

Unijibu mbio.

Yaya wako, dada yako mukubwa,
Masika