Breki Zote Kulia

Nyamwage, Agosti 1994

Kaka Abdulswamadu,

Salamu zako zimetufika. Mikorosho imechanua vizuri.

Umeuliza tunataka trekta lipi kati ya hayo mawili madogo ya Japani. Chukua lile lenye breki zote mbili kulia. Lile jingine breki moja iko kushoto, kando ya klachi, na halitufai.

Jirani yetu Haruni analo kama hilo ninalolitaka. Juzi alimpandisha Baba. Baba akakanyaga breki moja tu, tairi la upande ule likaganda, na trekta zima likazunguka palepale katikati ya mikorosho. Kaka, sijawahi kuona chuma kikigeuka hivyo. Baba akazungusha upande wa pili, anacheka.

Alinikataza nisikwambie, lakini kile kidonda chake cha mguuni hakikupona. Mwaka jana, hospitalini Utete, waliukata mguu wa kushoto. Huu wa mti unasukuma klachi vizuri, ila hauhisi, hauwezi kuchagua pedali. Tangu hapo alikuwa hatoki ndani.

Siku ile chakula tulimpelekea kulekule juu ya trekta. Aligoma kushuka.

Mdogo wako anayekungoja,
Rukaya