Bendera ya kijani niliyoagiza mimi

Jumamosi, saa nane mchana, jua kali, upepo unavuma kuelekea ufukwe wa kuogelea. Mwenzangu, nimeharibu.

Asubuhi boti ya kwendea kupima maji ya ufukweni haikuwa na mafuta. Nikachota sampuli ya maji hapa hapa kwenye gati la ofisi. Kwa kipimo cha haraka yalikuwa safi, nikaagiza bendera ya kijani ipandishwe ufukweni, ng'ambo ya ziwa.

Sikuufikiria upepo. Umesukuma mwani wote wenye sumu uliokuwa ukielea katikati ya ziwa hadi kule. Kule kule wanakoogelea watu.

Mlinzi wa ufukwe amenipigia: "Mtaalamu, maji yamekuwa kama rangi ya kijani ya kupaka ukutani. Bendera yako bado ya kijani?"

Nikamwambia awatoe watu wote.

"Nimeshawatoa. Ila mtoto wa dada yako anatapika."

Anatapika. Ana miaka sita. Na mimi ndiye niliyemwambia mama yake kwamba maji ni salama.

Bosi anasema tusitangaze lolote kabla ya majibu ya maabara Jumatatu. Jumatatu!

Mlinzi amepandisha bendera nyekundu. Bosi amezima simu. Mimi nimetangaza hatari kwa jina langu, nikaeleza kwamba kosa ni langu. Dada amempeleka mtoto hospitali, na hapokei simu zangu.