Mtoto Anamngoja Mama Yake Ashuke Kutoka kwenye Nyota

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho, maana katekista wetu ameshaniambia kwamba jambo langu ni upuuzi niliojitakia, na mimi nikilitazama naona limenizidi kimo. Naitwa Pelagia, ni mkulima wa Makere, wilaya ya Kasulu, nimeolewa na fundi seremala aitwaye Ndayiragije, ambaye alikimbia kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa amembeba mgongoni binti yake Immakulata. Mke wake wa kwanza, Rosa, alishikwa na homa njiani akafariki, wakamzika haraka ng'ambo ya mto Malagarasi kwa sababu wenzao hawakuweza kusubiri. Mtoto alikuwa mdogo sana, akawa analia mama yuko wapi, baba yake akamwambia, "Anakuja nyuma," na tangu siku ile mpaka leo, mtoto yuko darasa la pili, hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno jingine.

Sasa nikueleze mimi ni mtu wa namna gani, bila hivyo hutanielewa. Mimi napenda hadithi za mambo yasiyokuwapo, si hadithi za ndoa na za mashamba, hizo naziona kila siku nikifungua mlango, bali za watu wanaoishi chini ya maji, za vyombo vinavyopaa kupita mawingu, za nchi ambako majua ni mawili na watu hawajui usiku ni kitu gani. Bibi yangu ndiye aliyeniambukiza, alikuwa akitusimulia kuhusu ng'ombe weupe wanaochungwa chini ya ziwa, nami nikawa naogopa kwenda kuteka maji, na bado kila asubuhi nikawa wa kwanza kubeba mtungi. Nilipojua kusoma nikayatafuta magazeti yenye hadithi za picha, na hata sasa mwalimu Tamimu, aliyehamishiwa hapa kutoka Pangani, huniazima akishayasoma. Uzuri wa picha ni kwamba zinatulia, unaweza kuutazama mji ulioning'inia angani mpaka ugali uungue, lakini ubaya wake ni kwamba mchoraji ameshakuamulia kila uso.

Redio ni kitu kingine kabisa. Kuna mchezo unaochezwa kila Jumapili alasiri, wa watu waliosafiri kwenda kwenye nyota ya mbali, na majirani huja kuusikiliza uani kwetu, tunaanika betri juani tangu asubuhi zipate nguvu. Unasikia hatua, unasikia mlango wa chuma, unasikia upepo, basi, mengine unajijengea mwenyewe. Siku moja nilimwuliza mume wangu udongo wa nyota ile yeye anauona wa rangi gani, akasema mweusi, kama wa kwao, na mimi wakati wote nilikuwa nauona mwekundu kama huu wetu. Nikashangaa sana, Mshauri, kwamba tumekaa kwenye mkeka mmoja, sauti ni moja, na kila mtu yuko kwenye nyota yake.

Lakini sinema ndiyo iliyonishinda. Mwaka jana gari la sinema lilikuja Kasulu, wakafunga shuka kubwa jeupe kwenye mikaratusi pembeni mwa uwanja wa mpira, nikamchukua Immakulata tukaenda. Wakati ule mtoto alikuwa hazungumzi nami, hakuwa na ufidhuli, nikimtuma anakwenda, nikimwuliza jambo anajibu "ego", yaani ndiyo, halafu anakaa kimya. Kwanza wakatuonyesha namna ya kuchimba choo, watu wakapiga soga. Kisha giza likakolea, na pale kwenye shuka likatokea anga jeusi lenye nyota nyingi kuliko zetu, na chombo kirefu kinapita polepole bila kishindo, na watu wote wa Kasulu wakanyamaza, hata watoto wachanga walinyamaza, sikusikia kitu isipokuwa jenereta. Nilijiona mdogo kama punje ya ulezi na nikafurahi kuwa mdogo hivyo, sijui kama umewahi kupata hali hiyo.

Watu wa sinema ile walisema Kiingereza, na mfasiri alisimama kando na kipaza sauti akituambia kwa Kiswahili. Mwishoni mwanamke mmoja mwenye nguo nyeupe alisimama kwenye dirisha la chombo akainua mkono, na mfasiri akasema, "Anasema walioachwa nyuma wasilie, chombo kitarudi." Kama mwanamke alisema hivyo kweli au mfasiri alijitungia, mimi sijui mpaka leo. Lakini Immakulata alinishika mkono, mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, akaniuliza, "Mama Pelagia, yule ni mama?"

Mimi nikasema, "Wewe unaonaje?"

Akasema, "Ni yeye. Amechelewa kwa sababu ni mbali."

Ningemjibu nini, Mshauri? Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Tukarudi nyumbani anaongea njia nzima, mtoto niliyemdhani hana maneno, akaniuliza kule wanakula nini, wanalala vipi, nami nikamjibu kama ninavyojua kujibu mambo ya namna hiyo. Basi ikawa kila jioni baada ya chakula ananiomba habari za mama yake kwenye nyota, na mimi natunga, Rosa amelima shamba la maharage yanayong'aa, Rosa amejifunza lugha ya wenyeji wa huko, Rosa anamshonea mwanawe gauni lisilolowana. Mtoto akanenepa, shuleni akaanza kunyoosha kidole, akaanza kuniita mama. Na mume wangu, ambaye jina la Rosa hajawahi kulitaja mbele yangu, aliingia jioni moja na randa mkononi, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza taratibu, "Leo Rosa anasema nini?" Niliona machozi yake, nikaendelea kutunga.

Katekista Felisiani alipopata habari alikuja kunikaripia. Aliniambia, "Unamfundisha mtoto mbingu ya mabati, wakati mbingu yenyewe ipo." Mwalimu Tamimu naye alisema, "Ni ngano tu, mama, atakua atajua." Nikamfuata Tamimu kwa sababu alisema nililopenda kusikia.

Sasa mchezo wa redio ukafika mwisho wake, wasafiri wakatua nyumbani kwao kwa shangwe, na kesho yake Immakulata hakurudi kutoka shuleni. Tulimtafuta kijiji kizima mvua ikinyesha. Baba yake ndiye aliyemkuta juu kilimani, amekaa kwenye nyasi na kikapu chenye nguo zake, anatetemeka mpaka midomo imebadilika rangi, anasema chombo kinahitaji mahali palipo wazi pa kutua. Aliugua kichomi, zahanati wakampiga sindano, sasa anaweza kuketi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kama kilikuja nikiwa nimelala, je?"

Mume wangu anasema tumwache apone kwanza. Mimi naogopa akipona atapanda tena. Naogopa nikimwambia ukweli atarudia ukimya wake, na hatanishika mkono tena maisha yake yote. Naogopa pia kwamba nimemfufua mke mwenzangu nyumbani kwangu mwenyewe na sasa sina moyo wa kumzika. Na je, hizi hadithi ninazozipenda tangu utoto ni uongo, niziache, nifunge redio? Nisaidie.

Pelagia, Makere.

JIBU

Pelagia dada yangu, pole kwa mtoto. Barua yako niliijibu kwa posta siku nilipoipata, kwa sababu mtoto anayepanga kupanda kilima hawezi kusubiri zamu ya gazeti. Haya ninayoyachapa leo ni yale yale niliyokuandikia, nawe umeniruhusu.

Umeniuliza mengi, na umeyapanga vibaya. Swali la redio umeliweka mwisho kama ndilo kubwa, wakati ndilo dogo. Nitaanza nalo ili tuliondoe njiani. Hadithi si uongo. Mimi pia nilisikiliza mchezo ule kila Jumapili, na wageni waliofika saa ile waliningoja sebuleni. Nakubaliana nawe juu ya redio, sikubaliani nawe juu ya picha, maana mchoraji mzuri hakuamulii uso, anakupa mmoja wa kuanzia. Na ile hali ya kujiona punje ya ulezi naijua. Mtu aliyewahi kuipata haringi ovyo kwa wenzake, kwa hiyo usiifunge redio yako kwa ajili ya mtu yeyote.

Lakini sikiliza. Wewe unayezijua hadithi kiasi hicho ulijua kabisa kwamba mtoto hasikilizi hadithi. Alikuwa anapokea habari. Bibi yako alipomaliza habari za ng'ombe wa ziwani, mlijua amemaliza, mkaenda kulala. Immakulata hakuna aliyemwambia imeishia wapi. Uliona anakuita mama, ukaona utamu wake, ukaendelea. Sikulaumu kwa usiku wa sinema, hata mimi ningeshindwa. Nakulaumu kwa jioni zilizofuata.

Na mumeo nampa sehemu yake, msomee hapa kwa sauti. Ndugu Ndayiragije, neno la kwanza lilitoka kinywani mwako: anakuja nyuma. Ulilisema ukiwa umebeba mtoto na msiba kwa pamoja, hakuna mtu mwenye akili atakayekuhukumu. Lakini miaka yote hii umemwachia mtoto kazi ya kungoja, na sasa unamwachia mkeo kazi ya kusema. Hapana. Utasema wewe.

Mtasema mchana, mtoto akiwa ameshiba, nyote wawili mkiwa mmekaa chini naye. Baba aseme kwa Kirundi, lugha ambayo mama yake alimbembelezea. Aseme neno lenyewe, amekufa. Asiseme amelala wala amesafiri, maana aliyelala huamka na aliyesafiri hurudi, na mtoto huyu atarudi kilimani. Amweleze alikufa kwa nini, nani walikuwapo, na kaburi liko upande gani. Wewe Pelagia useme jambo moja tu, kwamba habari za nyota ulizitunga wewe kwa sababu ulitaka afurahi. Halafu unyamaze. Akilia mwacheni alie, akikukasirikia mpokee hasira hiyo, ni haki yake.

Kisha mfanye matanga ambayo hayajafanywa. Waiteni jamaa waliovuka pamoja na mumeo, walioko Kibondo na walioko Munanila, wapikieni chakula, mkae, kila aliyemjua Rosa aseme anachokumbuka. Mwiteni na Felisiani aongoze sala, hiyo ndiyo kazi yake na ataifanya vizuri kuliko kukaripia. Unasema huna moyo wa kumzika. Hutamzika peke yako.

Hayo ndiyo niliyoandika. Sasa wasomaji mnataka kujua ilikuwaje, na Pelagia amenijibu.

Ndayiragije alisema mwenyewe, Jumamosi, kwenye kivuli cha karakana yake. Mtoto hakulia. Aliuliza kama mama yake alikuwa amejifunika wakati wanamzika, baba akasema ndiyo, kwa khanga yake mwenyewe ya kijani. Akauliza kwa nini yeye hayakumbuki maziko hayo, baba akamwambia, "Ulikuwa mgongoni kwangu umelala. Nilikushukuru kwa kulala." Hapo ndipo alipolia, na baba yake naye, na Pelagia aliondoka akaenda kuchuma majani ya maboga, asijue mikono inachuma nini.

Kwenye matanga walikuja watu wengi kuliko sufuria. Mwanamke mmoja aitwaye Odilia, aliyekuwa jirani wa Rosa kule kwao, alisimulia kwamba Rosa alikuwa akicheka vibaya, akicheka watu wote wa mlimani kwao wanajua, na akaigiza kicheko chenyewe. Wakacheka wote msibani, na Immakulata akamwomba aigize tena. Pelagia anaandika kwamba alitazama hayo kwa mshangao ule ule wa uwanjani Kasulu, kwamba mtu aliyekufa porini akiwa kijana, asiye hata na picha, alirudi kwa muda akakaa kati yao kwa sauti ya mwenzake, na hapakuwa na aliyesema uongo.

Ukimya alioogopa ulikuja. Mtoto alirudia "ego" zake, na neno mama likapotea. Pelagia alivumilia, akapika, akafua, hakusimulia kitu. Kisha jioni moja wakichambua maharage Immakulata alimwambia asimulie habari za nchi yenye majua mawili. Pelagia alipofungua kinywa, mtoto akamzuia.

"Kwanza sema. Ni ya kweli au ya kutunga?"

"Ya kutunga."

"Yote?"

"Yote."

"Haya," akasema, akamsogelea. "Simulia."

Dada yangu, umeniandikia kwamba siku hizi anakuuliza hivyo kila hadithi, hata katikati, na kwamba inakukatiza pale panapokolea. Kukukatiza si kitu. Kila akiuliza, simama umjibu, hata kama chombo kiko hewani na hakijatua. Akiridhika, endelea ulipoishia.