Kitunguu Ulichokitoa Motoni

Kaka yangu Josefu, wa tumbo moja,

Pengo la jino ulilonivunja bado lipo. Kila nikitaja jina lako linapiga mluzi kidogo, kwa hiyo mbele ya watu sikutaji.

Unamkumbuka Mama na vidukari? Ukungu wa kwetu Nyabiondo haujapanda, tayari ametutoa kitandani tukageuze majani ya mayungiyungi yake, yale maua ya bustanini, tuwaponde wale wadudu wa kijani kwa vidole. Aliyaosha majani kwa maji ya sabuni. Lakini akiona jani lenye michirizi ya njano, aling'oa shina pamoja na kitunguu chake cha chini, akatupa motoni. "Hii haina dawa," alisema. "Kadudu kananyonya hii, kanapeleka ugonjwa kwa ile. Mugonjwa ya shamba hatumulilie, tunamuchoma." Wewe ulilia. Alikuzaba kofi, akaendelea kung'oa.

Alipokufa tuliyapanda mayungiyungi yake kwenye kaburi lake, nyuma ya nyumba, karibu na maharagwe. Wewe ukaenda kuchimba mgodini Walikale. Mwaka vita ya Wazungu ilipoisha, vidukari walishuka kama laana. Niliponda, niliosha, vidole vikabaki kijani, na bado majani yaliingia michirizi, jani moja baada ya jingine. Nilikuwa nimeona kwamba yale yaliyoota kwa mbegu yalitoka safi hata kama mama yao alikuwa mgonjwa. Basi nikakusanya mbegu, nikazificha ndani ya nyumba, nikang'oa maua ya kaburi zima na kuwasha moto.

Ndipo ukatokea njiani, mzigo kichwani.

"Unachoma Mama!"

"Haiko Mama, Josefu! Iko ugonjwa! Mbegu iko mu nyumba!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile kilichovunjika ni jino langu. Ulinipiga mdomoni kwa mpini wa jembe. Nikakung'ata mkono mpaka nikaonja damu yako, nikakuchapa mgongoni kwa ukuni wenye moto, na hadi leo sijuti. Majirani walipotutenganisha uliingiza mkono motoni, ukatoa kitunguu kimoja, ngozi ya vidole ikichunika. "Mimi sina dada," ulisema. Ukarudi Walikale na mzigo wako, hukunywa hata maji.

Wiki iliyopita nililetewa habari kwamba udongo wa mgodi umekuangukia. Nilitembea hadi Walikale nikibeba chunguni yungiyungi moja, mjukuu wa yale ya Mama, lililoota kwa mbegu. Nilifika umeshazikwa. Mke wako akanipeleka kaburini, na juu yako nikakuta amehamishia kitunguu kile cha motoni, kimeota: majani yana michirizi, ua limejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa, vidukari wamejaa shingoni.

"Alikuwa anaiosha na sabuni kila asubuhi, sawa na mutoto," alisema mke wako. "Alisema iko mama yenu."

Miaka yote hiyo, Josefu! Ulikuwa unaponda vidukari kule, mimi ninaponda huku, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nilianguka chini nikalia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikachukua jembe lako.

"Dada, usiguse! Alisema isitoke!" Mke wako alinishika mkono. Nilimsukuma. Akanizaba kofi, kofi la haki kabisa, sikumrudishia. Niliendelea kuchimba. Lile lililo safi lisingeweza kuishi pembeni ya lile gonjwa, hata wewe ulilijua hilo, ulilia tu.

Nimeling'oa, kaka. Nimelichoma mbele yako mpaka likawa majivu, na safari hii hakuna mkono uliolifuata motoni. Niliangalia, nikangoja. Mahali pake nimepanda lile la chunguni, na mke wako amekubali kuliosha.

Kama umekasirika, amka unipige. Meno mengine bado ninayo.

Dada yako, yule uliyesema huna