Nukta Ulizozisogeza Buswahili

Mpendwa uliyekuwa mchumba wangu,

Ujumbe wako wa simu nimeupata. Unauliza kama unaweza kuwatuma tena wazee nyumbani kwetu Kitaji, na unauliza kosa lako lilikuwa nini hasa, maana watu wanakwambia nilikuacha kwa sababu ya kompyuta. Kwenye simu ningekufokea tu, kwa hiyo nimekaa nikuandikie. Na barua naiacha wazi, asome atakaye, kwa sababu wenye kazi kama yetu ni wengi na wanafanyaga hivyo hivyo.

Nianze na mazuri, nisije nikaonekana mchawi bure. Kuchora ramani za maji kwa kompyuta umenifundisha wewe, pale ofisini Mwisenge, feni inalia krii krii na wewe unamenya karanga juu ya kibodi. Siku niliposahau alama ya kutoa mbele ya namba za latitudo, visima vyote vya Bunda viliruka ikweta vikatua Uganda. Mimi jasho linanitoka, wewe unacheka mpaka unashika meza. "Bibie, umehamisha wilaya nzima bila hata pasipoti!" Kisha ukanionyesha taratibu. Kabla hujailaumu programu, ifungue ramani uitazame kwa macho yako. Angalia kama vipimo viko kwa mita au kwa nyuzi. Angalia nafasi zilizoachwa tupu kwenye jedwali, maana mashine haijui kama tupu ni sifuri au ni mtu aliyesahau kuuliza. Nilikupenda siku hizo, sina haja ya kuficha. Nilikuwa nawahi kazini kuliko mlinzi.

Ndipo ikaja kazi ya Buswahili. Kisima kirefu cha kuchimbwa kilikuwa kimoja tu, na ramani yetu ndiyo ingesema watu wanaohangaika zaidi na maji wako wapi. Zana tuliyotumia kazi yake unaijua: inaichukua kila kaya kama nukta, inailinganisha na majirani zake, halafu inapaka wekundu pale shida ilipojikusanya. Ukaiwasha, ikagoma. Ikaandika kwamba nukta nyingi zimekaa mahali pamoja, umbali kati yao ni sifuri, haiwezi kupima kitu. Ukajaribu tena, ikagoma tena.

Mimi nilipokuza ramani nikaanza kucheka, kwa sababu pale palipojaa nukta napafahamu. Ni uani kwa balozi wa nyumba kumi, na shangazi yangu anakaa kitongoji hicho hicho, ng'ambo ya kijito. Kule mgeni hazururishwi juani. Wenzetu wa kukusanya data walipofika walipewa viti, uji na viazi vitamu, balozi akatuma watu waitwe mmoja mmoja. Kila kaya ikahojiwa pale pale, na kifaa cha GPS kikapiga nukta pale pale. Hata wa ng'ambo, wanaochota maji Mto Mara kwenye mamba, wakasomeka kama wanaishi kwa balozi.

Nikakwambia turudi, twende nyumba kwa nyumba. Ukasema kikao cha kupitisha ramani ni keshokutwa, na dawa unayo. Ukabonyeza amri moja, kila nukta ikasogezwa kidogo kwa kubahatisha, hii huku, ile kule, zikatawanyika kama mtama uliomwagwa. Zana ikanyamaza. Ikatoa doa jekundu, zuri ajabu, na katikati ya doa ni kwa balozi.

"Na shangazi yangu umemweka wapi?" nikakuuliza.

Ulinitazama machoni. "Najua siyo hapo. Lakini nani ataenda kuhakiki?"

Nilikwenda kwa mkubwa wetu, akaniambia ramani imeshapita. Kisima kikachimbwa kwa balozi. Balozi simlaumu, yeye alikaribisha wageni. Lakini masika yalipofika kijito kikajaa, watu wa ng'ambo wakashindwa kuvuka, wakaendelea na mto. Binti wa jirani yake shangazi aliponea chupuchupu. Mamba aliondoka na ndoo. Habari hiyo ilinifikia wiki ile ile wazee wako walipokuja Kitaji kupanga siku ya harusi. Baba aliniita sebuleni, nikasema sitaki, nikarudi jikoni. Sababu sikuitaja. Nilikuwa na hasira.

Sasa niko Bunda, kazi hii naisimamia mimi. Makosa ni yale yale, na mengi nayatatua kwa maneno yako, hilo nakupa. Mradi wa pili wa Buswahili ulipokuja nilikwenda mwenyewe na wenzangu. Tukakaa kwa balozi, tukanywa uji, kisha nikashukuru nikaomba tuzunguke. Balozi akashangaa. "Mnakaaga hapa hapa, leo mmepatwa na nini?" Tukavuka kijito, mlango kwa mlango, matope mpaka magotini. Zana haikulalamika hata kidogo. Wekundu ukaangukia ng'ambo, na kisima kikachimbwa ng'ambo.

Nilipokwenda kukiona, shangazi alinijazia kikombe akaulizia habari zako. "Mkwe wetu yule yuko wapi?" Nikamweleza yote, na lile neno lako la nani ataenda kuhakiki nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Watu wanakoseaga, mwanangu. Mwambie aje, anywe maji."

Basi nimekuambia. Shangazi amekusamehe, na hiyo ni haki yake, maana miguu iliyoteremka mtoni ni yake. Mimi nimejaribu, nimeshindwa. Asiyejua ningemfundisha, kama ulivyonifundisha wewe, na tungecheka. Lakini wewe ulijua, ukanitazama, ukabonyeza. Ningeolewa na wewe, kila jambo la nyumbani likienda sawa ningekaa najiuliza kama ni sawa kweli au umelisogeza. Siwezi kuishi hivyo. Nimekulilia, tena sana, na zipo siku ofisini nageuka nikuulize kitu kabla sijakumbuka kwamba hupo.

Wazee usiwatume. Buswahili nenda, uende mwenyewe, uvuke kijito mpaka kwa shangazi. Atakupokea vizuri, atakupa kiti na maji ya kunywa, na hatakuuliza lolote. Mimi sitakuwepo.

Ukae salama.

Aliyekuwa mchumba wako