Mchunga wa Mama Mkwe

Jumamosi, 6 Aprili
Itangazwe rasmi: leo saa nne asubuhi uwanja wetu wa nyuma, hapa Mbweni, umekombolewa kutoka mikononi mwa magugu. Mkombozi ni mimi. Jembe moja, malengelenge mawili. Yale yenye vijiua vya njano kando ya ukuta yaling'ang'ania, mizizi kama nyaya. Nimeyakatakata, nikayatupa nyuma ya tangi la maji. Mama mkwe anatoka hospitali kesho. Akute pasafi.

Jumapili, 7 Aprili
Mama amefika. Operesheni imemwacha mwepesi kama kapu tupu. Hataki kula. Uji vijiko viwili, basi. Daktari kaonya: asipokula, kidonda hakitapona. Jioni akamwambia Agnes, mke wangu, kwamba anatamani kitu kimoja tu. Mchunga wake, ile mboga ya majani machungu. Ule alioupanda mwaka jana kwa mizizi aliyoibeba kutoka Muheza. Kando ya ukuta.
Nilitamani tangi linimeze.
Nikamwambia Agnes jikoni. "Baba Doreen! Umelima mboga ya mama? Haya, utamwambia mwenyewe."

Jumatatu, 8 Aprili
Sijamwambia.
Mie Mhaya, mtu wa ndizi, ningesamehewa kutoijua mboga hiyo. Ila pia ni mwalimu wa bayolojia, mwaka wa ishirini na mbili. Jamii ya alizeti, ambamo mchunga umo, naichora ubaoni kila mwaka: kinachoonekana kama ua moja ni vijiua vingi vilivyobanana. Nachora vizuri sana. Kisha nalima.
Baada ya kazi nikaenda mpaka soko la Buguruni, upande wa pili wa jiji, nikanunua mafungu mawili ya mchunga, nikaupaka udongo kidogo uonekane wa nyumbani. Agnes akauchemsha, akamwaga maji, akaupika kwa tui la nazi. Hakunisemesha. Mama akala. Na ugali juu! "Ahsante, baba," akasema. Nikaangalia sakafu.

Ijumaa, 12 Aprili
Buguruni mara ya tatu. Mama anakula, anabishana na redio. Uongo wangu nao unanenepa.

Jumapili, 14 Aprili
Mama kasema akipata nguvu atatoka kuuona huo mchunga.
Wa sokoni hauna mizizi, haupandiki. Nikazunguka viwanja vya jirani visivyojengwa. Majani yenye meno, ua la njano. Nikaupata! Nimepanda mistari miwili kando ya ukuta. Imenyooka kuliko madawati ya darasani kwangu.

Jumatano, 17 Aprili
Umeshika. Naumwagilia hata mvua ikinyesha. Agnes dirishani: "Tangu lini wewe ukamwagilia kitu kisicho mgomba?" Angalau kaanza kunisemesha.

Jumamosi, 20 Aprili
Mama anatoka kesho baada ya ibada. Sasa asiyekula ni mimi.

Jumapili, 21 Aprili
Niandike kama ilivyokuwa.
Mama alitoka na fimbo yake, Agnes akimshika mkono. Akainama kwenye mistari yangu. Akavunja shina moja, akalitazama. Kavu. Mchunga ukiuvunja unatoa maziwa meupe. Nalijua hilo. Nimelitungia mtihani. Sikuwa nimevunja hata jani moja.
"Mwalimu," akasema, "huu hata mbuzi wangu angeuliza kwanza kama unaliwa."
Nikamweleza yote. Jembe, Buguruni, udongo wa kupaka.
"Nilijua siku ile ile," akasema. "Wangu mchungu mpaka masikioni. Ule wa sokoni mpole."
"Sasa mama, mbona ulikula?"
"Mkwe anatoka huku mpaka Buguruni kwa ajili yangu, halafu nisusie chakula? Ningekuwa mtu gani?"
Akauliza mizizi niliitupa wapi. Tukazunguka tangi. Pale kwenye matope, kila kipande nilichokikata kilikuwa kimechipua. Nilikusudia kuua mashina kumi, nikazalisha arobaini. Akavunja jani, maziwa yakamchuruzika kidoleni. Akanionyesha kidole.
Nilitaka kung'oa mistari yangu. Kakataa. Mmea huo ua lake zuri, niuache. Jina lake sijalijua mpaka sasa.
Jioni tukala mchunga wa nyuma ya tangi, kiganja kimoja tu, watu watatu. Mchungu kweli. Nikalamba sahani.