Ezéchiel Mnene wa Kwenye Flashi

Jumamosi, 10 Juni 2023
Shangazi Eulalie amesema tena kwenye simu: hataki picha. Picha zinadanganya! Anataka kumwona mchumba wangu Ezéchiel anavyosogea, anavyosema, anavyocheka. Yeye yuko Luberizi, mpunga umeiva, hawezi kuuacha. Ezéchiel yuko Goma, muuguzi, likizo yake bado wiki mbili. Na Papa ameshakata maneno: bila neno la shangazi, hakuna kukaa na wakwe, hakuna siku ya mahari. Shangazi ni dada yake mkubwa, ndiye mwenye sauti. Wachumba wawili wa dada yangu Carine aliwakataa. Mmoja kwa sababu anatembea haraka. Haraka!

Basi, video. Nimemwandikia Ezéchiel ajirekodi.

Jumatatu, 12 Juni
Video imefika. Dakika tatu. Amesimama mbele ya ukuta wa kijani, kalamu mfukoni, anamsalimu shangazi kwa heshima mpaka sauti inatetemeka. Mwembamba wangu! Nimeiangalia mara nne. Tano.

Tatizo: deki ya DVD ya shangazi, yenye tundu la flashi, ni ya zamani, inasoma faili za AVI tu, na simu ya Ezéchiel inatoa za MOV. Si kitu. Kazi yangu ni ileile — sekretarieti hapa Bagira, kuchapa barua, kutoa fotokopi, kugeuza faili za watu. Wananiita Madame Ordinateur. Kesho, dakika kumi tu.

Jumanne, 13 Juni
Dakika kumi! Tovuti ya kwanza: faili kubwa mno. Ya pili iliigeuza vizuri, ikabandika jina la tovuti, kubwa na jeupe, juu ya uso wa Ezéchiel, pua tu ndiyo ilibaki. Ya tatu ilifika asilimia tisini na tisa, umeme ukakatika. Mega zangu zote za intaneti kwisha. Nilitukana kwa sauti. Mteja aliyeleta cheti cha kuzaliwa alidhani ni yeye. Nimemwomba radhi.

Ijumaa, 16 Juni
Imekubali! Tovuti ya nne. Ilikuwa na maswali mengi: kioo cha televisheni cha upana gani, kijazwe au kisijazwe. Nikabonyeza kujaza. Nani anataka nusu kioo? Papo hapo Maman Bulonza, anayetuletea mchele wa Luberizi, akaita nje kwamba gari la kurudi Luberizi linaondoka. Nikainakili kwenye flashi, nikaitia kwenye bahasha, nikampa. Sikuangalia. Mimi, ninayewaambia wateja kila siku wakague kabla ya kuondoka!

Saa kumi jioni. Nimefungua nakala. Yesu na Maria! Ezéchiel alikuwa ameshika simu wima, na tovuti imemvuta huku na huku mpaka akajaza kioo. Mashavu! Shingo hakuna. Muuguzi wangu wa kilo hamsini na sita amekuwa bwana mwenye hoteli. Nampigia Maman Bulonza, hashiki.

Nimecheka mpaka nikalia. Halafu nikalia kweli, kidogo.

Jumanne, 20 Juni
Shangazi amepiga. Nilikaa chini kabisa kabla ya kuitika. Furaha tupu! Ameita majirani, wameangalia mara tatu.

«Feza, ule iko mwanaume! Iko na mwili! Anakulaka, analalaka, haiko na roho mubaya. Haiko kama baba yako, muti ya maharagi.»

Mpunga umeshaingia ndani, anakuja Jumapili mwenyewe. Na amemshonea Ezéchiel shati la kitenge. Vipimo amevichukua kwenye televisheni.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Mdomo ulifunguka, ukatoa: asante shangazi. Mwoga mimi! Akikataliwa, haitakuwa kwa mwendo wake wala kwa tabia yake. Itakuwa kwa kidole changu. Naona aibu hata kuandika.

Jumamosi, 24 Juni
Siku nne namtumia Ezéchiel ujumbe: kula. Bugali mara mbili. Ndizi. Hakuuliza sababu, ndivyo alivyo. Leo ameshuka kwenye boti. Alikuwa na malaria wiki nzima, hakutaka kunitia wasiwasi. Amepungua kilo tatu! Mkanda ameutoboa tundu jipya. Nilitaka kumwambia palepale bandarini, lakini alikuwa anatabasamu sana. Nikasema kesho asubuhi.

Jumapili, 25 Juni
Asubuhi imenipita bila kumwambia. Shangazi alifika mapema, na Ezéchiel akaja moja kwa moja kutoka misa. Naandika chumbani, daftari magotini. Maman amenisukuma humu: msichana haketi sebuleni shangazi anapompokea mchumba. Mlango una ufa. Nasikia yote.

Ameingia, ameinama, amesalimu. Kisha shangazi:

«Karibu, mwana. Weye iko mudogo ya Ezéchiel, naona pua. Mukubwa iko wapi?»

Sema, Ezéchiel! Papa alikohoa. Na shangazi hajawahi kungoja jibu la mtu.

«Ikala kwa kiti. Ni muzuri umetangulia. Utaniambia kweli mbele ya ule kufika. Ule kaka yako, anapigaka batu? Iko na bibi ingine kule Goma?»

Kwenye ufa naona kisigino chake kikisogea mbele.

«Hapana, shangazi.» Sauti ileile ya kwenye video. «Hana mwingine. Akiwa zamu anasomaka message za Feza, akimaliza anaanza tena. Ni woga tu iko nao.»

«Munene vile anaogopa nini?»

«Anakuogopa weye, shangazi.»

Shangazi anacheka! Maman pia. Mimi nimeuma mto. Nampenda mtu huyu, nampenda kuliko jana.

Sasa shangazi ameshusha sauti, nimebandika sikio. Anasema mwili si kila kitu. Yule mkubwa bado hajamsikia vizuri, kwenye flashi alisalimu tu. Lakini huyu mtoto anajua kusema na watu. Ubaya wake ni mmoja, hali chakula. Ameoa? Bado? Basi, shauri lake yeye ni hili: Feza amchukue huyu mdogo, na yule mnene atafutiwe mwingine kule Luberizi, wasichana wako wengi.

Papa anakohoa mfululizo. Ezéchiel ameulizwa mara ya pili kama angekubali. Nimeshika kitasa kwa mkono wa kushoto, huu mwingine bado unaandika —